Sandik na Katalogi: Maktaba ya Sayansi za Afya Inavyosomeka Kutoka Masalani

Mwishoni mwa mwaka wa 2006 mvua za vuli zilipita kiasi katika nyanda za chini za Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Mto Tana ulifurika, mabonde yakajaa maji yaliyotuama kwa majuma mengi, na mbu wakazaana kwa wingi usio wa kawaida. Katika Ijara, ambayo makao yake makuu ni mji wa Masalani, wafugaji walianza kuona kondoo na mbuzi wakitupa mimba kundi baada ya kundi, ndama wakifa, na damu ikiwatoka wanyama puani. Wafugaji hao walikuwa na jina la jambo hilo: sandik. Wengi wao walikuwa wameliona kabla, katika mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998, na walijua kwamba hufuata mafuriko na mbu.

Mwezi wa Desemba, baada ya watu kuanza kufa, maabara ilithibitisha kwamba ugonjwa huo ulikuwa homa ya Bonde la Ufa. Biashara ya mifugo ilisimamishwa, uchinjaji ukapigwa marufuku, na chanjo ya wanyama ikaanza. Kufikia katikati ya Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, na kati yao 155 walikuwa wamefariki. Watafiti waliokwenda baadaye kuwahoji wafugaji, na ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la Marekani la tiba ya nchi za joto, walibaini kwamba wafugaji wa Kisomali walizitambua dalili na vyanzo vya hatari kwa usahihi mkubwa, tena kabla ya idara zilizohusika kuchukua hatua.

Kwa hiyo maarifa yalikuwepo pande mbili. Yalikuwepo vichwani mwa wafugaji wa Ijara, na yalikuwepo pia katika rafu za maktaba za tiba, kwa sababu kirusi cha ugonjwa huu kilielezwa kwa mara ya kwanza na wanasayansi waliofanya kazi karibu na Naivasha, na maelezo yao yakachapishwa mwaka wa 1931. Miaka sabini na mitano ilikuwa imepita. Pande hizo mbili hazikukutana mapema kwa sababu nyingi, zikiwemo za barabara, fedha na utawala. Makala haya yanashughulikia sababu moja tu, ile inayomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili: lugha ambamo huduma za maktaba ya sayansi za afya hutolewa.

Maktaba ya tiba na milango yake

Mwanafunzi wa isimu au fasihi huenda hajawahi kuingia katika maktaba ya sayansi za afya, hata kama chuo chake kinayo. Ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mbali na bewa kuu. Ya Chuo Kikuu cha Moi iko Eldoret pamoja na kitivo cha tiba. Kwa nje zinafanana na maktaba nyingine yoyote: meza ya kuazima, vitabu vya akiba visivyotoka nje, viti, na ukimya. Tofauti yake iko katika kasi na katika aina ya kazi. Kitabu cha fasihi cha mwaka wa 1970 bado ni hai. Kitabu cha tiba cha mwaka huo kinaweza kumwua mgonjwa. Ndiyo maana maktaba ya tiba hutegemea majarida kuliko vitabu, na ndiyo maana mkutubi wake hutumia saa nyingi akiwafundisha watu namna ya kutafuta.

Huduma hiyo ya kufundisha utafutaji ndiyo roho ya maktaba ya namna hii. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonyeshwa mpangilio wa rafu. Wa mwaka wa nne hufundishwa jinsi ya kuuliza swali la utafiti kwa namna ambayo hifadhidata italielewa. Daktari anayeandika tasnifu hukaa na mkutubi na kutafutiwa yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya mada yake. Kuna matukio pia katika kalenda ya mwaka: Siku ya Afya Duniani tarehe 7 Aprili, Siku ya Wauguzi tarehe 12 Mei, na juma la machapisho huria mwezi wa Oktoba, ambapo maktaba nyingi hufanya maonyesho na mihadhara. Wakutubi wa afya barani Afrika wana jumuiya yao, AHILA, iliyoundwa mwaka wa 1984, na kupitia kwake, wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani, ilianzishwa faharasa ya maandishi ya tiba yanayotoka Afrika, ili makala iliyochapishwa Nairobi au Dar es Salaam isipotee kwa kuwa haikuorodheshwa Marekani.

Hatua kubwa kuliko zote kwa vyuo vya nchi maskini ilikuja Januari 2002, pale mpango wa HINARI ulipoanza. Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na wachapishaji wakubwa wa majarida ya tiba kwamba taasisi za nchi zenye kipato cha chini zipate kuyasoma bure au kwa ada ndogo kupitia intaneti. Kabla ya hapo, bei ya jarida moja kwa mwaka ingeweza kumeza sehemu kubwa ya bajeti ya maktaba nzima. Mlango wa HINARI uko wazi kwa vyuo vikuu, kwa vyuo vya wauguzi, kwa hospitali na kwa ofisi za afya za serikali, mradi taasisi ijisajili na kupata neno lake la siri. Kwa maana hiyo muuguzi aliyeko Masalani na profesa aliyeko Nairobi wanaweza, kinadharia, kusoma ukurasa mmoja kwa wakati mmoja.

Kinadharia, kwa sababu kuna mlango wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Maandishi ya tiba hupangwa kwa vichwa vya mada vilivyowekwa sanifu. Orodha inayotumika zaidi duniani ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1960, na hifadhidata ya PubMed, iliyofunguliwa bure kwa umma mwaka wa 1997, imejengwa juu yake. Orodha hiyo ni kazi ya kupigiwa mfano. Mtu akiandika jina la Kiingereza la homa ya Bonde la Ufa, hifadhidata humletea makala hata zile zilizotumia jina jingine, kwa kuwa wataalamu wamekwisha kuyafunga majina yote katika fundo moja. Lakini fundo hilo limefungwa kwa kamba za Kiingereza na Kilatini. Anayeanzia kwenye jina alilolisikia kwa mfugaji hana pa kushika.

Tulichukue neno lenyewe. Watafiti wameliandika sandik na kulitafsiri kuwa ni damu ya puani. Kwa Kisomali pua ni san, na damu ni dhiig. Inaelekea basi kwamba neno hilo ni mwambatano wa maneno hayo mawili, na kwa tahajia ya Kisomali iliyorasmishwa mwaka wa 1972 lingeandikwa kwa dh na kwa irabu ndefu. Yaani hata pale sayansi ilipolipokea jina la wafugaji, ililipokea kwa masikio ya Kiingereza. Msomi wa Kisomali anayelitafuta kwa tahajia yake anaweza kulikosa, na mkutubi asiyejua Kisomali hawezi kujua kwamba limekosekana. Jambo dogo, mtu atasema. Lakini kazi yote ya katalogi ni ya mambo madogo ya namna hii.

Homa gani?

Je, Kiswahili kimefanya vizuri zaidi? Hapa inafaa kusema bila kujipendelea. Jina rasmi tunalotumia ni tafsiri ya moja kwa moja, na lina matatizo mawili katika masikio ya mtu wa Masalani. La kwanza ni Bonde la Ufa. Bonde hilo liko mbali sana na Ijara. Msikilizaji ana haki ya kuuliza kwa nini ugonjwa wa Naivasha umwuzuie yeye kuchinja mbuzi wake kando ya Tana. La pili ni homa. Katika Kiswahili cha Kenya cha kila siku, homa mara nyingi ni mafua: mtu ana homa, anapiga chafya, kesho anakwenda kazini. Katika Kiswahili cha Tanzania neno hilo hubeba zaidi maana ya joto la mwili lililopanda. Tangazo lililoandikwa na mtu mwenye maana ya pili kichwani, likasikilizwa na mtu mwenye maana ya kwanza, linaweza kuupunguzia uzito ugonjwa unaoua. Sandik, kinyume chake, inataja dalili ambayo mfugaji ataiona kwa macho yake.

Si kwamba Kiswahili hakina uwezo. Kifua kikuu, surua, pepopunda na kichocho ni majina yaliyokomaa, na mgonjwa na daktari huelewana kwayo. Katika miaka ya 1980 Kiswahili kiliunda UKIMWI, kifupisho cha upungufu wa kinga mwilini, na ndani ya muda mfupi neno hilo likaenea Afrika Mashariki nzima hata wengi wakasahau kwamba ni kifupisho. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya tiba mapema katika karne hii. Mwaka wa 2021 Tanzania ilikuwa na UVIKO-19 huku Kenya ikiendelea kusema korona, na kila upande ukaelewana na watu wake. Tatizo ni kwamba istilahi hizi huishi katika kamusi na katika magazeti, wala haziishi katika katalogi ya maktaba ya tiba. Mwanafunzi wa uuguzi anayetaka kujua kama kuna andiko lolote la Kiswahili juu ya utunzaji wa mama aliyejifungua huko nyumbani, hana kichwa cha mada cha Kiswahili cha kuanzia. Inambidi aanze kwa Kiingereza, atafute kwa Kiingereza, kisha abahatishe.

Hata hivyo yako maandiko yanayostahili kutafutwa. Kitabu cha David Werner kilichoandikwa kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wanakijiji wa milima ya Mexico kilipata tafsiri ya Kiswahili, Mahali Pasipo na Daktari, na kwa jina hilo peke yake kinaeleza hali ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine. Mwaka wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma: kijitabu cha Kiswahili mkononi, redio katikati, na mtu mmoja anayejua kusoma akiongoza mazungumzo. Baada ya kusikiliza, kikundi kiliamua kazi ya kufanya, kama vile kuchimba choo au kufyeka vichaka vilivyoficha mbu. Ukiitazama kwa jicho la ukutubi, ile ilikuwa huduma ya maktaba ya afya kwa ukamilifu wake: andiko, mwelekezi, na msomaji anayeondoka na jibu. Kilichokosekana ni jengo tu.

Masanduku

Kaskazini Mashariki kwenyewe kuna mfano unaojulikana duniani. Tarehe 14 Oktoba 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, lilianzisha Garissa maktaba ya ngamia. Ilianza na ngamia watatu. Ngamia mmoja aliweza kubeba vitabu 400 katika masanduku mawili. Mwingine alibeba hema. Vitabu vilitandazwa juu ya mikeka chini ya mgunga, wanafunzi wakaazima, na msafara ukarudi baada ya muda kubadilisha. Baadaye ngamia waliongezeka, na Wajir nayo ikapata msafara wake. Maktaba hiyo ilisifiwa sana, hata mwandishi wa Marekani, Masha Hamilton, akaitungia riwaya kwa Kiingereza mwaka wa 2007. Mengi yaliyoandikwa juu yake humtazama ngamia. Ni machache yanayouliza ndani ya sanduku mlikuwa na nini. Lengo lake lilikuwa elimu ya shule na usomaji wa jumla, na hilo lilikuwa jambo jema. Maktaba ya afya haikukusudiwa kuwa.

Sanduku la afya lilibuniwa mahali pengine. Katika miaka hiyo hiyo maktaba ya Shirika la Afya Duniani huko Geneva ilitunga mkusanyo wa vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii, ukapangwa kwa mada ndani ya sanduku la chuma la rangi ya buluu, tayari kupelekwa katika vituo vya afya vya wilaya barani Afrika. Halihitaji umeme wala intaneti. Lilitayarishwa kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, Kireno na Kiarabu. Msomaji wa jarida hili atakuwa amekwisha kuona ni lugha gani haimo katika orodha hiyo. Sababu si ngumu kuipata: vitabu vya kulijaza sanduku la Kiswahili kwa kiwango hicho havikuwepo, na haviwezi kuwepo mpaka mtu avitafsiri, mwingine avihariri, na mwingine akubaliane na mwenzake juu ya istilahi.

Kwa upande wa Kisomali mambo yamechukua njia ya ajabu. Vita vya Somalia vilivyofungua kambi za Dadaab mwaka wa 1991 viliwapeleka Wasomali wengi Marekani, na hospitali za huko zikajikuta na wagonjwa zisioweza kuzungumza nao. Mwaka wa 1994 maktaba ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, ilishirikiana na idara ya wakalimani ya hospitali ya Harborview kuanzisha mradi wa EthnoMed, unaokusanya maelezo juu ya tamaduni za wagonjwa wahamiaji na vijikaratasi vya afya katika lugha zao, Kisomali kikiwemo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani nayo ina mkusanyo wa maelezo ya afya kwa Kisomali na kwa Kiswahili, unaopatikana bure kwenye intaneti. Kwa hiyo mama aliyeondoka Dadaab akafika Seattle anaweza kupewa karatasi ya Kisomali inayomweleza juu ya kisukari, nayo imepitia mikononi mwa mkutubi wa chuo kikuu. Ndugu yake aliyebaki upande huu wa Tana anategemea muuguzi amweleze kwa mdomo. Maelezo yale yanaweza kuchapishwa na kutumika hapa pia, lakini yametungwa kwa mgonjwa wa mjini Marekani. Mfugaji anayetaka kujua kama anaweza kunywa maziwa ya mbuzi aliyetupa mimba hakufikiriwa yalipoandikwa.

Cha kufanya na wa kukifanya

Wapo watakaosema kwamba jibu basi ni Kisomali, na kwamba Kiswahili hakina nafasi Masalani. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kwa mzee aliyelala na ngamia maisha yake yote, na kwa wanawake wengi wa bomani, Kisomali ndicho lugha ya kuelewa. Lakini Masalani si boma moja. Iko karibu na Tana, ambako kuna Wapokomo na Waorma. Msitu ulio kusini yake ni wa Waboni. Na Lamu haiko mbali. Muuguzi au tabibu anaweza kuwa ametoka Kitui, Kisii au Kilifi, naye huzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, ama moja kwa moja ama kupitia kijana aliyesoma shule. Kwa hiyo Kiswahili ni ngazi ya katikati. Maarifa yanayoshuka kutoka katika jarida la Kiingereza hadi kwa mfugaji hukanyaga ngazi hiyo, na habari zinazopanda kutoka kwa mfugaji hadi kwenye ripoti huikanyaga pia. Ngazi ikiwa mbovu, habari huanguka hapo hapo, na hakuna anayeandika kwamba imeanguka.

Msingi wa kisheria upo. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili; kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, na cha 43 haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Lipo jambo jingine ambalo halitajwi sana. Jedwali la nne la katiba hiyo limekabidhi serikali za kaunti vituo vya afya, na jedwali hilo hilo limezikabidhi maktaba. Kwa maneno mengine, huko Garissa hospitali na maktaba ziko chini ya paa moja la utawala. Mkutubi wa kaunti na afisa wa afya wa kaunti wana mwajiri mmoja. Mji wa Garissa una chuo cha mafunzo ya utabibu cha serikali, na tangu 2011 una chuo kikuu, ambacho kilipoteza watu 148 katika shambulio la tarehe 2 Aprili 2015, kikafunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2017. Wasomaji wa kuanzia nao kazi wako huko huko.

Kazi yenyewe haihitaji mabilioni. Kinachotakiwa kwanza ni faharasa ya lugha tatu: jina la ugonjwa kwa Kiingereza kama lilivyo katika vichwa vya mada vya tiba, jina la Kiswahili pamoja na tofauti za Kenya na Tanzania, na jina la Kisomali kwa tahajia sahihi, likifuatwa na dalili ambayo wenye lugha hulihusisha nayo. Maneno mia tatu yangetosha kuanzia. Mkutubi wa tiba hawezi kuifanya peke yake kwa kuwa hana mafunzo ya istilahi. Daktari hana muda. Mwanafunzi wa Kiswahili ana mafunzo hayo, lakini amezoea kuchagua mada za tasnifu kutoka katika riwaya zilezile tano, na maktaba ya tiba ya chuo chake huipita njiani akielekea kula.

Faharasa hiyo ikiwekwa ndani ya katalogi, kila jina likielekeza kwenye jingine, mwanafunzi wa uuguzi aliyesikia sandik wodini ataliandika kama alivyolisikia na kufika kwenye makala ya mwaka wa 2010, na kutoka hapo hadi kwenye ile ya 1931. Naye afisa wa afya atakayeandaa tangazo la redio ya Kisomali baada ya mafuriko yajayo ataanzia kwenye Kiingereza na kufika kwenye jina ambalo wasikilizaji wake wanalo tayari. Mafuriko hayo hayana tarehe, ila mvua za vuli huanza Oktoba kila mwaka.